Gari Lililopumzishwa Mno

Nasema mapema kwamba Mzee Hirbo si mtu mbaya, maana kabla sijamaliza huenda mkamchukia, kama nilivyomchukia mimi kwa muda. Ni jirani yangu hapa Garsen. Mlango wa duka langu la kushona nguo unatazamana na lango la boma lake, kwa hiyo mambo yake nayaona nikiwa kwenye cherehani, nitake nisitake. Yeye ni Muorma, mfugaji tangu utotoni. Mimi ni Mgiriama, nililetwa huku na wazazi waliokuja kulima. Mkewe, Abdia, ni rafiki yangu.

Abdia alianguka mwaka mmoja wa mafuriko, akiteremka ukingo wa mto kuteka maji. Nyonga ilivunjika, ikaunga, lakini haikukaa sawa. Tangu hapo anatembea kwa mkongojo, na kusafiri amebanwa katikati ya abiria hawezi kabisa. Jambo hilo lilimuumiza kwa sababu moja: dada yake, Ubah, alikuwa Kipini. Walizaliwa wawili tu kwa mama yao. Ubah aliolewa huko na mvuvi aitwaye Dawood, na sasa naye alikuwa mzee, mgonjwa wa mara kwa mara, hawezi tena kuja Garsen. Wakawa ni watu wa simu. Abdia akimaliza kuongea naye hufuta macho kwa upindo wa mtandio, kisha ananiambia, "Sauti nasikia, Mama Thoya, lakini uso wake naanza kusahau."

Mzee Hirbo aliyasikia hayo. Akatenga mafahali wake wazuri, akawapeleka mnadani, na haukupita muda akaingia bomani na gari, Probox nyeupe, si mpya lakini safi, na tairi zake zote mpya. Alimshika mkewe mkono mbele yetu majirani.

"Hii ni miguu yako, Mama Sadik," alimwambia. "Utaona dada yako mpaka atachoka na wewe."

Abdia alicheka hadi ikabidi akae chini. Sijapata kumwona mwanamke akifurahi vile kwa kitu cha bati.

Msidhani mzee alikuwa dereva wa kubahatisha. Alikwenda kusomea udereva Malindi, akarudi na leseni yake na adabu zake zote. Haondoki kabla hajazunguka gari zima, akafungua boneti, akaangalia maji na oili. Asiyefunga mkanda haendi naye. Akiona ng'ombe pembeni mwa barabara anapunguza mwendo kabla hawajafikiria kuvuka, kwa sababu akili zao anazijua kuliko za watu. Maji yakipita juu ya barabara, anashuka, anakunja kikoi, anavuka kwanza kwa miguu na fimbo yake akipima, na yakimfika magotini anarudi na kugeuza gari. Vijana wa mjini walimcheka kwa hilo. Mimi sikumcheka, nimeona magari yaliyobebwa na yale maji.

Shida ilianzia mahali pengine. Waorma hugawa mifugo yao. Ng'ombe wenye nguvu wasiokamuliwa hupelekwa mbali kufuata majani. Wachache wa maziwa hubaki karibu na nyumba, hawachoshwi, hawatembezwi juani, kwa kuwa watoto wanaishi kwa maziwa yao. Na Mzee Hirbo, siku ile gari lilipoingia bomani, aliliweka moyoni mwake pamoja na wale wa nyumbani.

"Hii gari ni ng'ombe ya maziwa," aliniambia nilipomtania. "Ukimpeleka mbali mbali, anakauka. Lazima apumzike."

Basi likapumzika! Alilijengea kibanda cha makuti, akalifunika turubai la buluu. Lilitoka kwenda harusi Tarasaa, likarudi, likapumzika wiki nyingi. Lilimpeleka Abdia kliniki hapo hapo mjini, likapumzika tena. Alilipangusa vumbi kila asubuhi, akalipapasa ubavuni, akalitazama lilivyong'aa, na kwake yeye mnyama anayeng'aa ni mnyama mzima. Fondo, fundi wa gereji ya hapa stendi, alimwambia zaidi ya mara moja, "Mzee, liwe linatembea." Mzee aliitikia vizuri, akashukuru, akarudi kulifunika.

Abdia aliomba safari ya Kipini. Wakati wa kiangazi aliambiwa jua litaua injini. Mvua ilipokuja akaambiwa barabara ya kushukia Kipini ni tope tupu. Tope lilipokauka, kulikuwa na mashimo na vumbi. Miaka ikapita hivyo. Na kila sababu ilikuwa ya kweli, hilo ndilo lililonichoma. Huwezi kubishana na mtu anayekuambia kuna tope wakati tope unaliona.

Mara moja Abdia alichoka kungoja. Akasema atalipia viti viwili kwenye matatu, ajinyooshe atakavyoweza, aende. Mzee Hirbo alikunja uso.

"Mke wangu apande matatu na gari iko hapa nyumbani? Watu watasema nini?"

"Watasema nimeenda kumwona dada yangu, Baba Sadik."

"Subiri kidogo. Tutaenda vizuri, na gari ikiwa na nguvu."

Akasubiri. Mimi nilimwambia usoni kwamba mumewe anapenda bati kuliko yeye, na Abdia akanikanya. "Hapendi bati," alisema. "Anaogopa kuharibu kitu alichoniletea." Huyo ndiye Abdia, anamtetea hata mzee anapomkosea.

Simu ilipigwa asubuhi moja ya kiangazi, wakati napima kitambaa cha mteja. Nilimsikia Abdia akilia nikavuka barabara mbio. Dawood alikuwa amesema Ubah ameamka hawezi kuinuka, na anamtaja Abdia tu. Safari hii Mzee Hirbo hakuuliza habari ya jua wala vumbi. Alivuta turubai likaanguka chini. Akaniomba twende wote ili nimshike mwenzangu nyuma.

Betri ilikuwa imekufa. Ikabidi majirani wasukume gari hadi likawaka, likikohoa na kutoa moshi. Mzee alitazama maji, akatazama oili, akapiga tairi teke moja moja, na kwa kweli tairi zilionekana mpya, mifereji yake haijalika hata kidogo. Hazikulika kwa kuwa hazikwenda popote. Ubavuni, kule ambako hakuna aliyeinama kutazama, zilikuwa na nyufa kama kisigino kisichoonja mafuta.

Tulipita mji mdogo wa Gamba salama. Abdia alikuwa ameshika mkono wangu, anaongea bila kukoma, anapanga atakachomwambia dada yake kwanza. Halafu mlio mkubwa, na gari likaanza kuvutwa upande. Nitampa mzee haki yake: hakukanyaga breki kwa hofu. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaachia mafuta, gari likapungua mwendo lenyewe mpaka likasimama kando ya lami. Dereva mwingine angetupindua. Tairi la mbele lilikuwa limebaki vipande.

Spea ilikuwepo, jeki ilikuwepo, jiwe la kuzuia magurudumu likatafutwa. Lakini nati zilikuwa zimeshika kutu, zimekaa hazijaguswa tangu gari linunuliwe. Mzee alining'inia kwenye spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mwisho alisimama dereva wa lori aitwaye Zachary, akachomeka bomba refu kwenye spana, wakasukuma wote wawili, nati zikalia na kuachia moja baada ya nyingine. Spea nayo haikuwa na upepo. Zachary akaijaza kutoka kwa lori lake, akaibonyeza kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hili tairi limezeeka, mzee. Nenda pole."

Tukaenda pole. Kwa mtu anayekimbizana na pumzi ya ndugu yake, hakuna mateso kama kwenda pole. Abdia aliacha kupanga maneno, akawa anatazama simu yake tu. Tulipokata kona kuingia barabara ya vumbi ya Kipini, simu yake ililia, na kabla hajaipokea nilijua.

"Shemeji, Ubah ametangulia," alisema Dawood. Sauti ilikuwa ya juu, sote tulisikia. "Mko wapi?"

"Tumeshaingia barabara yenu. Dawood, usimtoe. Niwekee niuone uso wake."

"Nitangoja, mamangu. Lakini unajua mambo yetu, na joto hili. Fanyeni hima."

Kwa asiyejua, Waislamu hawakeshi na maiti pasipo sababu, na wanawake hawafuatani na jeneza makaburini. Kama Abdia angemwona dada yake, ni ndani ya nyumba, kabla wanaume hawajambeba. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kimebaki.

Mzee Hirbo aliongeza mwendo. Sikumkataza. Tukaruka shimo, tukaruka la pili, na ile spea ikapasuka. Hakusimama. Mtu aliyekuwa akilifuta gari kwa kitambaa laini sasa aliliendesha kwa chuma kitupu, likipiga kelele na kuyumba, na machozi yanamtiririka ndevuni. Nilipaaza sauti kwamba atatuua. Chuma kikazama kwenye mchanga, injini ikazima, na huo ukawa mwisho wa safari ya Probox siku hiyo.

Ilipita pikipiki. Kijana wa watu hakuuliza nauli. Tulimpandisha Abdia upande upande, mimi nyuma yake nimemkumbatia, na kila tuta alitoa mlio ambao mpaka leo sitaki kuukumbuka. Kila tukimwambia apumzike anasema, "Twendeni." Mzee tulimwacha barabarani akitufuata kwa miguu.

Tulipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Walikuwa wanakung'uta mchanga mikononi. Dawood alimwona Abdia akashuka barazani, akasimama mbele yake.

"Tushamzika, mamangu," alisema. "Nimewazuia hadi watu wakaanza kuninong'oneza. Nisamehe."

Abdia hakupiga kelele. Aliomba aonyeshwe kitanda. Akakaa pembeni yake, akachukua leso ya Ubah iliyokuwa imebaki juu ya mto, akaifunika usoni mwake mwenyewe, akanusa. Mimi nililia mpaka nikatoka nje, na huko nje ndiko hasira iliponipata.

Mzee Hirbo alifika baadaye, vumbi hadi kwenye nyusi, kandambili zimemkatikia njiani. Nilikuwa nimejiandaa kumtolea maneno. Nilipomwona uso nikampisha mlangoni. Aliingia, akachutama mlangoni mwa kile chumba.

"Mama Sadik, mimi nimekosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Baba Sadik," Abdia alisema, leso bado mkononi. "Lakini sikumwona."

Sadik, mtoto wao anayefanya kazi Malindi, ndiye aliyetutumia gari la kutuchukua. Probox ilivutwa ikaletwa kwa Fondo.

Sasa ndilo gari linalotunzwa inavyopasa kuliko yote katika Garsen nzima. Tairi zimebadilishwa zote, pamoja na spea, na mzee anainama kuzitazama ubavuni kila Ijumaa. Nati hufunguliwa, hupakwa grisi, hufungwa tena. Betri ni mpya, breki zimesafishwa, petroli ya zamani ilimwagwa. Kile kibanda amekivunja. Kila asubuhi, jua liwe linachoma au mvua inyeshe, analitoa, analiendesha hadi linapata moto barabara, analirudisha. Watoto wa shule anawapa lifti, wajawazito anawapeleka hospitali, hata mimi amenipeleka Malindi kununua vitambaa bila kunung'unika. Hasira yangu imekwisha. Kilichobaki ni huruma, na huruma yenyewe inachosha, kwa sababu haisaidii mtu.

Akirudi kutoka kuzungusha, husimama nalo mbele ya mlango, haizimi injini, na humwita mkewe kwa sauti ya mtu anayebembeleza. Majuzi nilikuwa hapo, nimeketi na Abdia mkekani tukitia pindo kwenye dera.

"Mama Sadik, gari iko sawa kabisa. Barabara nayo imekauka. Sema tu, twende wapi?"

Abdia aliweka sindano chini. Hajawahi kumjibu vibaya, na siku hiyo pia hakumjibu vibaya.

"Mpeleke Mama Thoya sokoni," alisema. "Mimi nilikuwa na safari moja tu."

Mzee Hirbo aliitikia kwa kichwa. Kisha akaenda kuzima injini.