Tumfufue?

Daktari alikuja saa nane mchana, akina mama wa kanisa wakiwa wamezunguka kitanda cha baba yangu, mikono juu, wodi nzima inasikia. Alikuwa msichana mdogo kwangu, mwenye haraka zake. Alisubiri maombi yatulie, hayakutulia, basi akamwinamia mama yangu.

"Mama, moyo wa mzee ukisimama, mnataka tumfufue?"

"Amina!" mama akapaaza sauti. "Afufuke kwa jina la Yesu!"

Wote wakaitikia. Na mimi, mwalimu mzima wa Kiswahili, niliitikia. Daktari akaandika kitu kwenye faili, akaondoka. Lugha yetu imewapa Mungu na daktari kitenzi kimoja, na sisi siku hiyo tulisikia cha Mungu tu. Hadi leo najikasirikia.

Siku mbili baadaye moyo ulisimama tukiwa pale pale. Walitutoa nje ya pazia. Nilisikia mbavu za baba zikivunjika, mlio wa mabua makavu ya mahindi yakikanyagwa. Kisha mtu akasema, "Amerudi," na mama akapiga magoti kushukuru.

Alirudi, ndiyo. Lakini tulipomfikisha nyumbani Kiplombe, mbwa wake aliyemlea mwenyewe alimnusa mara moja, akarudi kinyumenyume hadi kwenye ua, wala hakukubali tena kumkaribia. Baba hakujali. Alishinda kibarazani akijishika mbavu, akitazama lango. Nilipompelekea chai aliomba vikombe viwili.

"Cha pili cha nani?"

"Cha huyo." Alionyesha langoni kwa kidevu. Hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa kali na nilimwona hadi jirani akipalilia shambani kwake. "Tulikuwa tumeanza kutembea, mkaniita. Sasa ananingoja."

Niliogopa. Nikajitia kucheka, nikamwuliza kama huyo mgeni amekasirika.

"Hana hasira. Amechoka tu kusimama." Akanishika mkono, vidole vyake baridi kwenye jua lile. "Sikiza. Moyo ukisimama tena, wasiniguse. Mamako hawezi kusema hiyo maneno. Wewe utasema."

Nilipokusanya vikombe, vyote viwili vilikuwa vitupu. Nilijiambia kwamba amekunywa yeye.

Nilimweleza mama jikoni, kwa upole niliokuwa nao, ambao si mwingi. "Mama, yule daktari hakuwa anaomba. Alikuwa anauliza kama wamkandamize kifua mpaka mbavu zivunjike."

"Kwa hivyo unakataa babako afufuke?"

"Siku ya mwisho atafufuka. Hii nyingine ni ya hospitali."

"Hiyo neno nimeisikia kanisani kabla hujazaliwa. Usinifundishe."

Hazikupita wiki tatu tukarudi wodini. Daktari ni yule yule, swali ni lile lile. Safari hii hapakuwa na maombi ya kujificha nyuma yake. Mama alinitazama. Baba, asiyeweza tena kusema, alinitazama pia.

"Msimfufue," nikasema.

Nimefundisha ukanushi miaka mingi, lakini sikuwahi kusikia neno baya kiasi kile likitoka kinywani mwangu. Mama mmoja wa kanisa alijifunika mdomo kwa leso. Baba alifumba macho, uso ukalegea, nikajua nimesema alilotaka. Alikufa kesho yake asubuhi, mimi nimeshika mkono wake mmoja, mama ule mwingine, na hakuna daktari wala muuguzi aliyekuja mbio.

Baada ya mazishi mama alikuja kukaa karibu nami. Halafu akauliza, "Na mimi siku yangu ikifika, ni wewe watakuuliza?"

"Ni mimi, Mama. Niambie tu unavyotaka."

Hakuniambia. Tangu siku hiyo, akishikwa hata na homa, humpigia simu ndugu yangu aliye Mombasa. Mimi naishi Kapsoya, matatu moja tu kutoka kwake.