Nilivyovutwa Miguu Kibirizi

Mkitaka kunicheka nichekeni tu, maana pale Kibirizi wameshanicheka wote, mpaka wauza dagaa ambao asubuhi huwa hawana muda na mtu.

Kazi yangu ni kuzamia samaki wa mapambo. Sasa mashine ya boti ya Mzee Bitama, baba yake Zawadi, ilichomoka ikazama karibu na ufukwe, na mimi ndiyo kwanza nimepeleka posa, jibu halijarudi, nikaona bahati ndiyo hii. Ningechukua mtungi wangu mmoja wa hewa, ule mwepesi wa alumini, ningemaliza kabla ya chai. Lakini stoo kulikuwa na mitungi pacha ya chuma na suti ya mpira isiyoingiza maji (aliiacha mzungu aliyezoea maji ya barafu kwao, ziwa letu halina baridi hiyo), na bosi alishatueleza kwamba suti ile inajaa hewa inakufanya uelee, ndiyo maana inataka mitungi ya chuma, mizito, na ukishavaa chuma mkanda wa uzito unaupunguza. Hilo la mkanda lilinipita, nilikuwa najitazama kwenye kioo.

Basi nikatokea na chuma mgongoni na mkanda wangu mzima kiunoni, jasho linatiririka ndani ya mpira, watu wamejaa. Mzee yuko kwenye boti na kamba. Mama Zawadi kakaa pembeni kajitanda kanga kageuza uso, kwa sababu yeye ni mtu wa Mwandiga na kwao mkwe na mama mkwe hawagusani hata mkono.

Maji yalipofika kiunoni nikakanyaga jiwe, nikaenda chali. Chuma kikatulia mchangani, hewa yote ya suti ikakimbilia miguuni, miguu ikasimama juu ya maji, na mimi huko chini napumua vizuri kabisa, sina shida yoyote ila kuinuka. Vijana wakadhani ndivyo wataalamu wanavyozama, wakapiga makofi (haya niliambiwa baadaye). Mara nikashikwa vifundo vya miguu, nikaburutwa hadi nchi kavu, kufumbua macho naona kanga.

Nikamwamkia shikamoo nikiwa vilevile chali, kifaa cha kupumulia mdomoni. Akajitanda kanga yake upya, akageuza uso.

Mchana nilirudi na mtungi wa alumini, mashine ikatoka, hakuna aliyebaki kutazama. Niliumia, jamani, nilijua Zawadi nimeshamkosa. Jioni mshenga wangu akaitwa, akakuta wajomba wanauliza mwanamume wa kuokolewa kwenye maji ya kiunoni atamtunza nani. Ndipo mama Zawadi akasema, "Nilimshika kwa sababu nilijua ni mkwe wangu anakufa. Mkimkataa leo, mniambie nilishika miguu ya mwanamume gani mbele ya watu wote wale."

Wajomba wakaanza kumuuliza mshenga habari za mahari.

Nimeoa. Mitungi ile siigusi tena, hata ziwa ligande. Na mama mkwe tukikutana njiani bado anageuza uso kama mila inavyotaka, ila mabega yake nayaona yanatikisika.