Uma wa Milimani

Mimi shule niliiacha darasa la tano, na leo nina majengo mawili Kondele. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani habari hii ya kucha ni ya mnyonge.

Miaka ya themanini nilikuwa fundi cherehani kwenye veranda ya duka, na nilikuwa na tabia mbaya. Nikikaa bila kazi, kidole kimoja kinabandua ukucha wa kingine mpaka damu. Mafundi wenzangu walilaza pindo la suruali kwa ukucha wa gumba. Mimi nililaza kwa mpini wa kijiko, na suruali zangu zilinyooka kuliko zao. Kwa hiyo sikujali.

Nilijali siku niliyokwenda Milimani, mtaa wa wakubwa, kuposa binti wa ofisa mmoja wa serikali. Nilikwenda na mjomba wangu wa Bondo. Chakula kilipokuja, ugali na samaki, ngege wa kuchemsha, binti alitumiminia maji ya kunawa, mmoja mmoja. Baba yake akaniangalia vidole jinsi mtu anavyoangalia panya kwenye unga. Ugali ulikuwa kwenye sahani moja kubwa, tule sote pamoja.

"Huyu mleteeni sahani yake," akasema. "Na uma."

"Mzee, mimi ni mtu wa mkono."

"Mkono gani? Mtu anayejila mwenyewe, binti yangu atabakiziwa nini?"

Wakacheka wote, mjomba wangu pia, mwoga yule. Nilikula ngege kwa uma, miiba ikanichoma ufizi. Mlangoni mzee akaniambia, "Rudi ukiwa na kucha kumi. Zikiwa tisa, usijisumbue."

Kucha haziogopi hasira ya mtu. Nilipaka vidole pilipili, nikaizoea. Kilichonisaidia ni chaki ya fundi: mkono ukianza kumtafuta mwenzake, naupa chaki uishike. Wiki za kwanza sikuona kitu. Kisha pale chini pakatokea ukingo mwembamba kama ganda la kitunguu, una mawimbi. Nyama ya ncha ilikuwa imevimba, imepanda juu, kwa hiyo ukucha ulipofika pale ulikwama, ukauma, nikatamani kuung'oa nimalizane nao. Wa gumba la kulia ndio ulikuwa mkaidi kabisa. Miezi sita, bwana, na ukaota umepinda. Wenzangu wangeshindwa wiki ya pili, nawajua.

Nilirudi peke yangu, mjomba nikamwacha na kicheko chake. Mzee alinishika mikono akakagua kidole kwa kidole, binti yake amesimama pale na jagi la maji.

"Huu umepinda."

"Lakini upo, Mzee. Hukusema zinyooke."

Akaniachia mikono. Chakula kikaletwa, na mbele yangu, uma. Niliufuta kwa leso, nikautia mfuko wa koti akiona.

"Asante kwa zawadi," nikasema. Nikanawa, nikamega ugali kwenye sahani yake, nikampasua ngege mgongo kwa ukucha ule ule uliopinda. Binti aliinama kuficha meno. Nilijua nimeshampata.

Sasa mikono ya mzee inatetemeka. Akija kwangu kula samaki, namwekea uma wake. Anaujua. Anaugeuza, ananiangalia, halafu anakula.