Msumari wa Khairat hauguswi: Bi Duni na likizo za madobi wa Mtoni

Saa moja na nusu asubuhi, ua wa Bi Duni Kheir hapa Mtoni umeshajaa shuka nyeupe. Anapita baina ya kamba, anainusa moja, anakunja uso. "Hii irudi majini, sabuni haijatoka."

Ndani ya kibanda cha pasi kuna misumari saba ukutani, na kila msumari una aproni yenye jina. Ya Khairat inaning'inia tu, imenyooshwa, wala hapana anayeigusa.

Bi Duni, 54, hufua nguo za nyumba tatu za wageni za Mji Mkongwe. Ameajiri wanawake saba, na kwa miaka kumi na sita hapakuwa na karatasi baina yao. Ukiumwa, ukifiwa au ukijifungua, humleta ndugu yako akushikie nafasi. Kazi inakwenda, mshahara unabaki nyumbani.

Mazoea yana taabu. Kanuni za ajira zilipobadilika, kila mfanyakazi akatakiwa awe na mkataba wa maandishi na likizo yenye malipo. Bi Duni hakupenda hata kidogo.

"N'lihisi natukanwa," anasema. "Watu wangu nnawajua kwa baba na mama, leo n'wasainishe kama wapangaji?"

Akawasainisha hivyo hivyo, mikataba akaitia kwenye mkebe wa biskuti, akaona yamekwisha.

Wapi! Miezi mitatu iliyopita alikuja mkaguzi wa kazi, akaita majina. "Khairat Ubwa!"

"Naam," akaitika mwanamke aliyeshika pasi.

Mkaguzi akatazama picha kwenye mkataba, akamtazama mwanamke, akarudi kwenye picha. Aliyeitika alikuwa Tahiya, mdogo wake Khairat. Khairat mwenyewe alikuwa kwao Bububu na mtoto wa siku tisa.

"Sikusema uongo," anajitetea Tahiya hadi leo. "Nafasi yake, mimi nimemshikia. Sasa niitike nini?"

Bi Duni anacheka mpaka anapangusa machozi. Siku ile hakucheka. Alipewa siku kumi na nne arekebishe mambo, na nyumba ya wageni inayomletea zaidi ya nusu ya nguo ilikuwa imeshasema haimpi kazi dobi asiye na barua ya ukaguzi. Kazi hiyo ikiondoka, wanawake wanne wangerudi majumbani.

Alasiri akaenda Bububu na fomu ya likizo ya uzazi. Khairat akakataa kusaini.

"Alilia. Akanambia, 'Bi Duni, kama unanifukuza nambie tu, usinizungushe. Nafasi ikiachwa wazi hukaliwa.'"

Maneno hayo yalimchoma, maana aliyajua. Alipojifungua mwanawe wa kwanza, Bi Duni alimpeleka shoga yake amshikie nafasi kwa tajiri mmoja wa Malindi ya hapa Unguja. Arobaini ilipokwisha akarudi, akaambiwa kazi imeshapata mtu. Ndipo alipoanza kufua kwake, kwa ndoo mbili.

"N'kamwambia, mimi sikuwa na karatasi, wewe unayo. Siku nikikukatalia kazi, nenda nayo kwa mkaguzi ukaniumbue."

Khairat akasaini, mtoto kamlalia begani. Tahiya akapata mkataba wa muda kwa jina lake mwenyewe, na barua ya ukaguzi ikatoka siku ya kumi na tatu.

Haikuwa bure. Kumlipa aliyepo na asiyepo kumekula karibu faida yote ya miezi mitatu, na mashine ya kufulia aliyoipania itasubiri mpaka mwakani. Lakini Shemsa, anayekamua nguo huku mgongo ukimsumbua miaka mingi, ameomba likizo kwa mara ya kwanza bila ya kutafuta wifi wa kumleta.

Khairat anarudi Jumatatu. Stoo ya sabuni imeshahamishwa, pametandikwa mkeka ili anyonyeshe hapo. Na Bi Duni amepiga hesabu yake: watu saba wenye likizo, karibu kila mwezi patakuwa na mmoja hayupo. Anahitaji wa nane, wa kudumu.

Tahiya anaingia kibandani, aproni aliyoazima imerowa chapachapa. Anaivua, mkono unakwenda kwenye msumari wa dada yake.

"Huo una mwenyewe," anasema Bi Duni. Anainama, anaokota nyundo na msumari mpya. "Nishikie huu wako nigonge."