Alama za Ustahimilivu

Tathmini za kambi za skauti zina lugha yake, na Tupokigwe alikuwa bingwa wa lugha hiyo. Maharage yaliyoungua aliyaita changamoto ya lishe. Mvua iliyolowanisha mahema ikawa fursa ya kujifunza. Kamishna wao, Fransis, alizisoma tathmini hizo kwa raha zake, akazituma kwa wafadhili bila kugusa hata nukta.

Lakini sifa kubwa ya Tupokigwe ilikuwa mduara. Mwalimu huyu wa shule ya msingi huko Kurasini, mzaliwa wa Rungwe, mpole mpaka anaudhi, aliwakalisha watoto chini baada ya kila shughuli, skafu ikazungushwa, na aliyeishika ndiye aliyesema. Hakuna kukatizana, hakuna kugombezwa. Watoto waliokua katikati ya honi za malori na makontena, ambao nyumbani huambiwa tu nyamaza, pale walisema mpaka ya uvunguni.

Basi ni ajabu kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyebuni alama za ustahimilivu. Alichoshwa na watoto wa mjini kulalamikia jua, mchanga na ugali. Skauti hutabasamu hata kwenye shida, aliwaambia. Kuanzia leo, akilalamika mmoja, kikundi kizima kinakatwa alama. Dawa ikakolea. Malalamiko yakaisha kabisa, na shule nyingine zikaiga.

Mwaka huu, kwenye kambi ya Kimbiji, matembezi marefu yalipita ufukweni saa za jua kali. Tupokigwe alitangulia mbele. Gervas, mtoto wa darasa la sita mwenye pumu, alikuwa nyuma na kikundi chake, na inhela yake ilikuwa imebaki hemani kwenye begi. Alianguka karibu kabisa na kambi. Walimpakia kwenye gari, na kwa barabara ile ya mashimo, alikata roho kabla hawajafika hospitali.

Baada ya mazishi Fransis alipiga simu.

"Pole sana, mwalimu. Ila tathmini inasubiriwa. Andika kwamba mtoto hakutoa taarifa kwa kiongozi yeyote. Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo, kamishna."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Hapo ndipo palipomnyima usingizi.

Jumamosi aliwaita watoto shuleni, akaanzisha mduara. Skafu ilizunguka kimya kimya kama sahani ya msibani. Ilipomfikia Mwajabu, binti wa darasa la saba aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha Gervas, ikakwama.

"Alisema," Mwajabu akasema. "Alisemaga tangu kwenye minazi, kifua kinambana. Mie ndo nilimwambia anyamaze. Tulikuwa tunaongoza, madam. Tungekatwa alama."

Hakuna aliyemwangalia. Tupokigwe aliona aibu, aibu ya kutaka ardhi ipasuke immeze. Miaka yote alijivunia watoto wanaomwambia kila kitu, kumbe alikuwa amewafundisha kimoja cha kutosema, na ndicho kilichoua.

Aliandika tathmini palepale darasani, watoto walipoondoka. Safari hii hakukuwa na changamoto wala fursa. Aliandika kwamba mtoto alisema anaumwa, na wenzake wakamnyamazisha kwa sababu ya kanuni aliyoitunga yeye, Tupokigwe. Kwamba mtoto mwenye pumu aliachwa atembee bila dawa yake na mwalimu hakukagua. Kwamba alama hizo zifutwe kila zilikoigwa. Jina la Mwajabu hakuliandika. Alijua atavuliwa uongozi, pengine na polisi watamwita, na akaona ni haki yake. Alichokitaka ni kimoja tu: binti yule asiubebe mzigo usio wake.

Alipotoka akamkuta Mwajabu bado yupo barazani, anamsubiri mama yake. Akaketi kando yake, akamsomea yote, polepole, tangu mwanzo.

"Umesikia?" akamwuliza. "Kosa ni langu. Wewe ulifuata kanuni, basi."

Mwajabu alifikiri kidogo.

"Watakufukuza, madam?"

"Pengine. Hilo lisikusumbue."

"Umeandika vizuri. Ila wewe ulikuwa mbele, hukumwona." Binti alijitazama kiganja. "Alinishika mkono, madam. Alikuwa anavuta pumzi, haiji. Nikautoa mkono wangu."

Tupokigwe aliikunja tathmini, akaiweka magotini. Walikaa hivyo hivyo mpaka mama akafika, akamsalimia mwalimu, akamwambia Mwajabu asimame waende.