Ushuhuda wa Macho ya Mama

Mimi ni mtu wa mdomo, yeyote anayenijua sokoni Bunia atakuambia. Ninauza vitenge, na muuza vitenge asiye na mdomo atalala njaa. Lakini mdomo huu uliharibu kitu ambacho siwezi kukitengeneza, na nikikumbuka najichukia mpaka leo.

Mama yangu alikimbia vita kule Kpandroma, akaacha shamba na mbuzi, akaja kukaa kwangu. Alikuja na ugonjwa wa presha ya macho. Munganga wa macho, daktari wa hospitali, alimwandikia matone, chupa ndogo tu, tone moja kila jioni katika kila jicho, akatuonya: "Hii ni ya maisha. Musiache hata siku moja." Matone yalimchoma kidogo, lakini bei yake haikunisumbua. Ujinga wangu ulianzia hapo. Nilijiambia, dawa ya bei ndogo hivi itaponyesha nini?

Kanisani kwetu kulikuwa na mama mmoja wa kwaya aliyeuza vidonge vya macho. Kopo zuri, lenye picha ya karoti na maandishi ya Kiingereza ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Dola thelathini kwa mwezi mmoja! "Hii ni majani na matunda tupu, dada," akaniambia. "Lakini usichanganye na dawa ya munganga, itaharibu kazi." Nikalipa. Na nisidanganye, niliona fahari kulipa: mama yangu anakula dawa ya watu wakubwa. Jioni ile ile niliweka chupa ya matone juu ya kabati, na mama hakuuliza kitu.

Kila asubuhi nilimuuliza, "Mama, macho iko namna gani?" Wiki ya tatu akajibu, "Mwanangu, niko naona muzuri." Wee! Jumapili nilikuwa wa kwanza kwenye mstari wa ushuhuda. Kwetu ushuhuda si mchezo. Neno likishasemwa pale mbele, watu wakapiga vigelegele, hakuna tena wa kulichunguza. Nikasema vizuri, si nina mdomo? Nikamsimamisha mama, naye akainamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, naona." Ibada ilipoisha, wamama watatu walinunua makopo yao pale pale mlangoni.

Miezi ikapita. Nikaanza kukuta mawe katika maharagi. Kuchagua maharagi ilikuwa kazi ya mama, aliipenda, na hakuwahi kuacha hata kipande cha udongo. Siku nilipotafuna jiwe nilimfokea: "Aka, mama! Uko unachagua na macho ao na mawazo?" Akasema, "Pole, mwanangu." Nilimfokea hivyo mara nyingi, siwezi hata kusema ngapi. Kisha asubuhi moja alimimina chai pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani, na yeye anaendelea kumimina. Nikaita moto, pikipiki ya abiria, tukapanda wote wawili, tukaenda kwa munganga wa macho.

Alimpima kwa muda mrefu. Akaligeuza lile kopo nililokuja nalo, akasoma. "Hii ni vitamini," akasema. "Haikumupa sumu, lakini haishushi presha ya macho. Kilichomuharibu ni kukosa matone." Jicho la kuume lilikuwa limekufa. La kushoto lilikuwa limebaki na kitundu cha kuonea. Nikauliza kama litarudi. "Ile imepotea haitarudia," akasema, akamwandikia matone yale yale.

Njiani nilimuuliza mama kwa nini alisema anaona.

"Unanilisha, unanilalisha, unaninunulia dawa ya bei kali," akajibu. "Mi nilikuja hapa mikono mitupu. Ningesema nini? Niseme haisaidie?"

Niliwaza wale wamama watatu, maana mmoja wao nilijua wazi alikuwa ameacha matone yake kwa sababu yangu. Jumapili nikasimama tena mbele. "Ndugu zangu, niliwadanganya," nikasema. "Mama yangu haoni. Vidonge havikumsaidia. Rudilieni matone ya munganga." Kabla sijamaliza, mama akainuka kwenye benchi yake. "Musimusikilize! Amechoka tu, mutoto wangu. Mi niko naona muzuri sana!" Watu wakacheka, vigelegele vikalia, na yule mama aliyeacha matone akacheka kuliko wote. Mama alikuwa anafunika aibu yangu. Nilitaka kulia, na nilitaka kumpigia kelele anyamaze.

Nikainua mkono wangu juu. "Basi, mama, niko nashika nini?"

"Kopo ya dawa," akajibu mara moja, kwa furaha.

Mkono wangu ulikuwa mtupu. Kanisa lote lilinyamaza, na kimya kile ndicho kilichomwambia mama. Akapapasa benchi nyuma yake, akaketi mbele ya macho ya watu wote. Yule mama aliyeacha matone alitoka nje na mtandio mdomoni. Wiki ile ile alirudi kwa munganga.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, nimemshika mama mkono. Karibu na mlango wetu nikamwomba msamaha.

"Ungeniambia kwanza tukiwa nyumbani," akasema. "Ningesimama, niseme mi mwenyewe ya kama sioni. Lakini weye haukuniuliza."