Kiiraqw Nilichokificha Darasani

Siku yangu ya kwanza kazini, shule moja kule Mutuka, Mwalimu Mkuu alinikabidhi chaki, rejesta ya mahudhurio na kibao chenye kamba. "Mtoto akiongea kilugha, mvalishe hiki shingoni," akasema. "Atakivua akimkamata mwenzake." Kilugha chenyewe ni Kiiraqw; mimi ni Mwiraqw wa milimani Mbulu, kibao kama hicho nilikivaa nikiwa mdogo, na bado nilikipokea kwa mikono miwili.

Nikahamishiwa Singe, kisha Bagara. Vibao vikaachwa, lakini mimi nilishazoea: darasani kwangu Kiswahili tu. Andalio langu la somo, ile karatasi ya kupanga kipindi hatua kwa hatua, halikuwa na doa. Mwalimu wa Taaluma aliwaonyesha walimu vijana: "Fanyeni kama Mama Paulina." Nilivimba kichwa, siwafichi.

Basi akaja Rehema, mwalimu mpya. Binti wa mwenye duka la vitambaa hapo mjini, Kiiraqw hajui hata cha kuombea maji. Darasa la kwanza lilikuwa na mikondo miwili. Mimi nina A, yeye akapewa B. Kila asubuhi anamsimamisha mtoto: "Haya, nifundishe, nyumbani kwenu mnasalimianaje?" Anakosea, darasa linacheka, yeye anacheka kuliko wao. Mapumziko watoto wanamganda. Na wangu nao wanakimbilia huko! Wivu ulinishika jamani. Miaka yote ile, nani aliwahi kunikimbilia mimi?

Kwangu kulikuwa na Ema, mtoto aliyelelewa kijijini na bibi yake. Muhula mzima hakufungua mdomo. Kwenye ripoti nikaandika: mzito. Mwalimu Mkuu akamhamishia B. Wiki ya pili napita dirishani, nasikia sauti nisiyoijua ikisimulia kwa Kiiraqw habari za ndama aliyezaliwa. Nikachungulia. Lo! Ni Ema.

Nikaenda kushtaki. "Mkuu, Rehema anafundisha kilugha darasani."

"Umeingia ukasikiliza?"

"Sijaingia."

"Kaingie kesho, uniletee taarifa."

Nikakaa nyuma na daftari, nawinda kosa. Ema kasimama mbele, anamfundisha mwalimu wake jinsi ya kumpa bibi pole ya kuumwa. Rehema akajaribu, akaliharibu neno. Akarudia, akaliharibu zaidi. Kabla sijajizuia, nikalitamka mimi, sawasawa kama alivyolitamka marehemu mama yangu.

Ema akageuka, macho kayatoa.

"Mwalimu, kumbe ulikuwa unajua?"

Rehema akapiga makofi, watoto wakamfuata, na makofi yale yaliniuma kuliko matusi. Kwenye taarifa niliandika kwamba sikuona kosa.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoanza kazi mnaniuliza siri ya kupendwa na darasa, kamuulizeni Rehema. Wivu wangu haujaisha, na sitajifanya mtakatifu. Nilikuwa na lugha nzima mdomoni, yeye akajitafutia maneno kumi, akapata watoto.

Ema yuko sekondari. Juzi tulikutana naye sokoni, Rehema na mimi. Mimi akaniamkia kwa adabu zote: "Shikamoo, Mwalimu." Kisha akamgeukia Rehema, akamsalimu kwa Kiiraqw.